Fizikia: Uanze na Historia au na Habari Mpya? Ulinganisho kwa Wasomaji wa Moshi na Arusha

Wapo watu wengi walioachana na fizikia sekondari, kisha wakaja kuipenda ukubwani. Mwongoza watalii wa Moshi anaulizwa na mgeni kwa nini chai ya mlimani haiwi ya moto kama ya nyumbani. Mama wa Sakina ana mtoto wa kidato cha tatu anayerudi na maswali. Fundi umeme wa Njiro ameona klipu ya "jua bandia" na anataka kujua kama kuna ukweli wowote. Wote wana muda mchache na bando la kubana, na wote hukwama palepale: nisome jinsi mambo yalivyogunduliwa, au nifuate yanayogunduliwa sasa hivi?

Njia zote mbili nitazipima kwa mizani ileile. Nitaangalia msingi unaohitajika kabla hujaanza, kiasi unachoweza kuamini unachosoma, lugha na gharama, muda, na mwishowe unachobaki nacho. Kigezo cha kuaminika ndicho kizito kuliko vyote, kwa hiyo hapo nitakaa sana. Vingine nitavipita haraka.

Msingi unaohitajika

Upande wa historia, sehemu kubwa ya fizikia ya zamani ilifanywa kwa vyombo ambavyo mtu anaweza kuviona kichwani bila mchoro. Chukua jaribio la Septemba 1648 kule Ufaransa. Blaise Pascal alishuku kwamba hewa ina uzito, na kwamba anayepanda mlima huacha sehemu ya uzito huo chini yake. Alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande Puy de Dôme na mrija wa kioo wenye zebaki. Mrija mwingine wa aina hiyohiyo uliachwa chini mjini Clermont, mtawa mmoja akautazama kutwa nzima. Wa chini haukubadilika. Kule juu zebaki ilikuwa imeshuka sentimita 8 hivi.

Masimulizi hayo hayana hesabu hata moja, na mtu wa Kilimanjaro anayaelewa haraka kuliko msomaji wa mahali tambarare. Muulize mpishi yeyote wa mlimani kuhusu maharage. Barafu Camp, zaidi ya mita 4,600 juu, maharage yanatokota kama kawaida, mvuke unapanda, mfuniko unacheza, na saa zinapita punje bado ni ngumu. Mgandamizo wa hewa pale ni mdogo, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi na hayapandi zaidi ya hapo hata ukiongeza moto. Arusha mjini, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni nyuzi 95. Kileleni, mita 5,895, mgandamizo ni kama nusu ya ule wa Tanga, na maji huchemka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Pascal angefurahi kufanyia kazi yake hapa.

Ila urahisi huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni karibu na mwaka 1900. Ukifika kwa Planck, Rutherford na kiini cha atomu, Einstein na muda unaonyumbulika, historia nayo inaanza kudai ukae chini na kalamu.

Upande wa habari mpya, mwandishi huwa anadhani msomaji anajua mengi tayari. Oktoba 2025 tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis kwa majaribio waliyofanya mwaka 1984 na 1985. Walionyesha kwamba saketi ya umeme inayotosha kushikwa mkononi inaweza kutii kanuni za kwanta, zile tulizodhani ni za chembe ndogo ndogo tu, na kuvuka kizuizi cha nishati bila kupanda juu yake. Asiyejua kwanta ni nini ataambulia majina matatu ya watu na ahadi kuhusu kompyuta. Lakini zipo habari zisizodai chochote. Picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, mahali penye mvutano mkali hata mwanga hautoki, iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019, aliielewa hata asiyejua fizikia: pete ya mwanga, giza katikati, kwenye kundi la nyota liitwalo M87.

Unaweza kuiamini kiasi gani?

Nianze na habari mpya, maana ndiko watu wanakoumia.

Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba nyutrino, chembe ndogo sana zinazopenya mwamba kama si kitu, zilizotumwa kutoka maabara ya CERN, Uswisi, hadi Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730 chini ya ardhi, zilifika nanosekunde 60 kabla ya mwanga ambao ungesafiri njia hiyo. Watafiti wenyewe walisema waziwazi kwamba wanaomba wenzao wawakague. Vichwa vya habari havikuomba chochote. Vilitangaza kwamba Einstein kaanguka. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba waya mmoja wa nyuzi za mwanga haukuwa umechomekwa sawasawa, na vipimo vya jaribio jingine palepale Gran Sasso vikaonyesha kasi ya kawaida kabisa.

Machi 2014 ikawa zamu ya BICEP2, darubini ya Ncha ya Kusini iliyosemekana kuona alama za mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga lenyewe) ya tangu ulimwengu unaanza. Kufikia mapema 2015 alama hizo zilielezwa kwa sababu ya karibu zaidi, yaani vumbi la galaksi yetu wenyewe. Julai 2023 ikaja LK-99 kutoka Korea Kusini, kitu kilichodaiwa kupitisha umeme bila ukinzani wowote kwenye joto la kawaida la chumba. Video zilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi huku kwetu. Kabla Agosti haijaisha, maabara kadhaa zilikuwa zimekitengeneza upya na kukuta tabia zake za ajabu zinatokana na uchafu wa salfaidi ya shaba.

Halafu zipo habari ambazo ni za kweli lakini zinapotosha. Tarehe 5 Desemba 2022 maabara ya NIF huko California ilipiga kidonge cha haidrojeni kwa leza zenye nishati ya megajuli 2.05, ikapata megajuli 3.15 kutokana na viini vya haidrojeni kuungana, kama inavyotokea ndani ya jua. "Nishati iliyotoka imezidi iliyoingia," magazeti yakaandika, na ndiyo klipu aliyoiona yule fundi wa Njiro.

"Mwalimu, kwa hiyo umeme wake tunaupata lini?" aliniuliza.

"Bado, fundi. Uliza kwanza leza zenyewe zilikula umeme kiasi gani kutoka kwenye gridi."

Zilikula megajuli 300 hivi. Mtu anayesoma mita za umeme kila siku hakuhitaji maelezo zaidi. Mafanikio yale ni makubwa kweli, maana ilikuwa mara ya kwanza kidonge kutoa nishati kuliko ile kilichopigwa nayo. Ila ile "iliyoingia" ya kwenye vichwa vya habari ni iliyoingia kwenye kidonge. Ya gridi haikuhesabiwa.

Nisiwatishe, kwani si kila habari huishia pabaya. Mawimbi ya mvutano yaliyonaswa na LIGO, vituo vya Marekani vilivyojengwa kwa kazi hiyo, tarehe 14 Septemba 2015 hayakutangazwa hadi Februari 2016, baada ya miezi ya kujikagua, na mpaka leo yamesimama. Watafiti wa chembe nao wana kiwango chao cha kusema "tumegundua". Wanakiita sigma 5, maana yake kama kitu hicho hakipo, uwezekano wa bahati tu kukupa dalili kali kiasi hicho ni kama mmoja kati ya milioni 3.5. Chembe ya Higgs, inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata masi, ilitangazwa tarehe 4 Julai 2012 ikiwa imefika hapo. Dalili za mradi wa DESI, unaochora ramani ya galaksi, kwamba nishati ya giza inayosukuma ulimwengu huenda inadhoofika kadiri muda unavyokwenda, zilizidi kupata nguvu mwaka 2025 lakini bado zikawa chini ya kiwango hicho. Muoni wa Fermilab, maabara ya Marekani, ndio walionifundisha subira; muoni ni chembe kama elektroni, ila nzito zaidi. Mwaka 2021 vipimo vya usumaku wao vilipishana na nadharia, watu wakanusa fizikia mpya. Juni 2025 vipimo vya mwisho vilipotoka, vilikuwa vilevile, ila safi zaidi. Kilichokuwa kimesogea ni hesabu za nadharia, nazo zilisogea upande wa vipimo, na pengo likafifia.

Kwa hiyo habari ya fizikia ambayo maabara ya pili haijaithibitisha mimi huisoma kama tetesi za usajili wa Simba na Yanga. Ni tamu, lakini sibadilishi jezi.

Sasa historia. Wengi hudhani huku ni salama kwa sababu mambo yalishaamuliwa. Fizikia yenyewe ndiyo, ilishaamuliwa. Masimulizi yake sivyo. Newton alisimulia uzeeni kwamba aliona tunda la tofaa likianguka. Hakusema lilimpiga kichwani. Kwamba Galileo alidondosha mizigo kutoka mnara wa Pisa tunaambiwa na mwanafunzi wake Viviani, na wanahistoria wengi wana shaka kama tukio hilo lilitokea. Na mara nyingi hadithi iliyosafishwa humwacha mtu nje. Jocelyn Bell, mwanafunzi wa udaktari kule Cambridge, ndiye aliyeona mwaka 1967 alama za ajabu kwenye karatasi za darubini ya redio, zilizokuja kuwa ugunduzi wa pulsa, nyota zinazozunguka na kutuma mapigo ya redio. Nobel ya 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake Antony Hewish na kwa Martin Ryle. Lise Meitner alieleza jinsi kiini cha urani kinavyopasuka, tuzo ikamwendea Otto Hahn peke yake.

Hata kupatwa kwa jua kwa tarehe 29 Mei 1919, kulikompa Einstein umaarufu kwa kuonyesha kwamba jua hupinda mwanga wa nyota kama alivyotabiri, si hadithi nyoofu kama inavyosimuliwa. Mwanaastronomia Mwingereza Arthur Eddington alikuwa kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, akihangaika na mawingu. Timu nyingine ilikuwa Sobral, Brazil, na darubini moja ya huko ilitoa picha mbovu ambazo hazikupewa uzito. Watu walibishana kwa miaka kama Eddington alichagua data zinazompendeza, mpaka picha zilezile zilipopimwa upya mwaka 1979 kwa vifaa bora, zikaunga mkono matokeo ya mwanzo.

Kwa kigezo hiki basi, habari hukosea kwa haraka na historia hukosea kwa mapambo. Kosa la habari kwa kawaida husahihishwa mwaka haujaisha au unaofuata. Pambo la historia huweza kukaa kwenye vitabu vya shule miaka 100, hakuna anayelishtukia.

Lugha na gharama

Hapa njia zote zina ugumu mmoja: sekondari tunasoma fizikia kwa Kiingereza, na kilichoandikwa kwa Kiswahili kwa msomaji wa kawaida ni kidogo. Kwa habari kubwa, BBC Swahili na DW Kiswahili huleta kitu, hasa msimu wa Nobel au picha ya anga inapotoka. Zaidi ya hapo utaingia kwenye Kiingereza. Kurasa za CERN, NASA na tuzo ya Nobel ni za bure, na hazili bando sana ukisoma maandishi ukaacha video. arXiv, hifadhi ya makala za watafiti iliyopo tangu 1991, nayo ni ya bure, ila makala nyingi pale huwekwa kabla hazijakaguliwa na wataalamu wengine. LK-99 ilipitia humohumo.

Historia ina unafuu wake: kitabu hakichakai. Kilichochapwa miaka 30 iliyopita kuhusu Galileo bado kinasomeka, iwe umekiazima maktaba ya mkoa au umekipata kwa wauza vitabu vya mitumba kwa bei ya kupatana. Kitabu cha "habari za sasa" cha umri huo kitakwambia chembe ya Higgs bado inatafutwa.

Muda

Habari unaweza kuila kwa vipande, dakika chache kwenye daladala ya Tengeru. Historia inataka kikao, maana kisa kimoja hakieleweki hadi ujue nani alisema nini kabla yake. Mwenye nusu saa kwa wiki atakwama katikati ya karne ya 17 na kusahau alikoanzia. Sina la kuongeza hapo.

Unachobaki nacho

Historia inakuachia visa, na visa husimulika. Kimoja ambacho Waswahili tungepaswa kukijua kama tunavyojua majina ya wachezaji: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kazi ya kupima eksirei zitokazo angani, na vipimo vyake vilisaidia kuwaelekeza wanasayansi kwenye Cygnus X-1, kitu kilichokuja kukubalika kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002. Mwongoza watalii anayewapeleka wageni Uhuru Peak na hajui kisa hiki amekosa dakika kumi nzuri za mazungumzo njiani.

Habari mpya inakuachia kitu kingine: unajua milango iko wapi. Kijana anayefuatilia anajua kwamba darubini ya redio ya SKA inajengwa Afrika Kusini na Australia, na kwamba itahitaji watu wa data na umeme kwa miaka mingi. Ataanza kuitazama Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, au maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki hapo Njiro, kama mahali anapoweza kufanya kazi, badala ya geti analolipita na daladala. Historia pekee haimpi mtu mwelekeo huo.

Swali moja linalopita njia zote mbili

Ukitaka kujijua wewe ni wa upande gani, jipime kwa kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa inaisha, akayaingiza yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alichekwa kwa "fizikia ya Mpemba". Hakunyamaza. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alimuuliza kwa nini, kati ya maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ya nyuzi 100 huganda kwanza. Darasa likacheka, Osborne akaenda kulijaribu. Makala yao wawili ilitoka mwaka 1969, na wakati huo Mpemba alikuwa anasoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, kilomita chache juu ya Moshi mjini.

Kama kilichokuvuta ni kijana aliyechekwa na hakunyamaza, wewe ni mtu wa historia. Kama unauliza "kwa hiyo ni kweli au si kweli?", karibu kwenye habari, kwa sababu kesi haijafungwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwa maji, wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu kunabadilisha jibu. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Canada waliona tabia hiyo waziwazi, si kwenye maji yanayoganda, bali kwenye punje ndogo sana za kioo zinazopoa ndani ya maji. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliiona kwenye atomu zenye chaji zinazotii kanuni za kwanta, na jina walilolitumia ni lilelile la Mpemba.

Kulingana na hali yako

Mwalimu wa sekondari, au mzazi wa yule mtoto wa Sakina: anza na historia, lakini ile yenye majaribio kuliko yenye mashujaa. Zebaki ya Pascal inafundisha zaidi ya tofaa la Newton, na mtoto anaweza kukubishia.

Mwongoza watalii na mpagazi: historia tena, kwa sababu wageni watakuuliza kuhusu mlima, hawatakuuliza kuhusu muoni. Chukua mgandamizo wa hewa, setilaiti ya Uhuru na Mpemba wa Mweka, maana hivyo vitatu vinakaa kwenye njia unayopita. Ukija mgeni mwanasayansi, muulize yeye habari mpya.

Mwanafunzi anayefikiria PCM: fuata habari, ila chagua mada moja tu kwa mwaka mzima, labda mawimbi ya mvutano au nishati ya giza, na kila unapokutana na neno usilolijua rudi nyuma kwenye historia ulitafute hukohuko. Ukizifuata zote utajua vichwa vya habari 50 na hutaweza kueleza hata kimoja kwenye usaili.

Fundi, au yeyote anayeishi kwa vipimo: habari zinakufaa kuliko unavyodhani, kwa sababu tayari una tabia ya kuuliza umeme umeingia wapi na umetoka wapi. Unachokosa ni subira tu. Ukiona tangazo kubwa, andika tarehe yake mahali, ulirudie baada ya miezi sita.

Msimamizi wa grupu la WhatsApp la ukoo: kabla hujasambaza, tafuta kama kuna maabara nyingine iliyopata jibu hilohilo. Kama haipo, tuma kisa cha Jocelyn Bell. Hicho hakitakanushwa kesho.

Na kama umesoma mpaka hapa na bado huwezi kuchagua, tafuta vikopo viwili vinavyofanana, kipimajoto, na nafasi kwenye friza ya mama anayeuza barafu mtaani kwenu. Muombe kwa adabu, umweleze ni kwa nini kikopo kimoja kina maji ya moto, na uangalie sana mahali unapoweka kipimajoto.